Jinsi ya kupata mboga zisizopigwa dawa na kuletewa mpaka nyumbani, Malindi na pande zake

Maswali ni yale yale. Wajua mtu anayeuza mboga zisizopigwa dawa? Huyu dada anayeposti sukuma kwenye stetasi ni wa kuaminika? Nina mtoto ndio kwanza anaanza kula, nitoe wapi mchicha wa kumpikia? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote pahali pamoja, mtu akiuliza namtumia hii asome kwanza. Nimeandika kwa watu wa Malindi na vitongoji vyake, kuanzia Watamu na Gede mpaka Mambrui, na wa Lamu nimewawekea yenu kidogo huko chini.

Namba ya mkulima sitatoa, msinikasirikie. Mkulima wa robo eka akipigiwa simu na watu mia kwa wiki moja hawezi kuwatosheleza, na hapo ndipo wengi huanza kujazia kikapu kwa mboga za sokoni. Utafute wako, umjue, naye akujue. Si kazi ngumu ukifuata hatua.

Kwanza tuelewane kidogo

Watu wanasema "hazijapigwa dawa" wakimaanisha vitu vitatu tofauti. Kuna mkulima asiyetumia dawa ya dukani kabisa. Kuna anayepiga lakini anasubiri, manake kila dawa ya agroveti ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo, nyingine siku chache nyingine wiki mbili au zaidi, inategemea dawa na inategemea mboga. Na kuna anayepiga Ijumaa, Jumamosi asubuhi mboga iko sokoni. Huyu wa tatu ndiye tunayemkimbia. Wa pili si mtu mbaya hata kidogo, na kwa nyanya za wakati wa masika pengine ndiye pekee utakayempata, ila akwambie ukweli na akuuzie kwa bei ya kawaida, asikuuzie kwa bei ya kilimo hai.

Jambo la pili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Mkulima asiyepiga dawa hukosa. Kuna wiki vidukari vimemaliza sukuma, kuna wiki nyanya zimeungua na ukungu wa mvua, kuna wiki ana mchicha na matembele tu basi. Kwa hiyo ukisikia mtu ana kila kitu, kila wiki, mwaka mzima, majani hayana hata tundu moja, jua ama anapiga dawa ama ananunua kwingine anakuletea. Neno "wiki hii hakuna" ukilisikia kwa muuzaji lisikuudhi, mwekee alama nzuri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya mboga mnazokula kweli nyumbani kwa wiki, si zile unazotamani kula.
- Simu yenye WhatsApp, na pesa kidogo kwenye M-Pesa.
- Asubuhi moja ya kwenda shambani. Hii hairukwi.
- Majirani watatu wanne wanaotaka kitu kile kile. Peke yako utalipa bodaboda pesa nyingi kuliko mboga zenyewe.
- Vikapu viwili vya ukindu au kreti mbili, moja ikiwa kwako nyingine iko kwa mkulima. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata isingepigwa, mboga ya majani ndani ya plastiki kwa joto la Malindi inaoza kabla haijafika.
- Daftari. Ndiyo, daftari la karatasi, utaona kazi yake.

Hatua kwa hatua

1. Gawa orodha yako mafungu mawili

Chukua ile orodha uigawe, mboga zinazoota huku bila taabu na mboga zinazohitaji mkulima fundi kweli ndio ziote bila dawa.

Fungu la kwanza ni mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mnavu, na mtsunga ambao mama zetu wa Kigiriama wanauchuma wenyewe na kuupika kwa nazi. Hizi zimezoea joto na mchanga wa kwetu, wadudu hawazisumbui sana, na mkulima hana sababu kubwa ya kupoteza pesa kuzipigia dawa. Kunde nazo ukila majani machanga ziko salama kiasi, ila shamba la kunde za mbegu hupigwa dawa kwa sababu ya vidukari na wadudu wa maganda, kwa hivyo uliza majani yametoka shamba la aina gani.

Fungu la pili ni nyanya, kabeji, pilipili hoho, sukuma, na mishiri (yale maharagwe mabichi ya maganda). Nyanya ndiyo yenye shida kuliko zote. Kuna nondo anaitwa Tuta absoluta, aliingia Kenya mwaka 2014, viwavi wake wanatoboa jani na tunda, na tangu aje wakulima wengi wameongeza kupiga dawa. Kabeji nyingi tunayokula haitoki hapa, inatoka bara inapitia soko la Kongowea Mombasa ndio inafika kwetu, sasa mtu akikwambia ana kabeji ya shambani kwake hapa Malindi isiyo na dawa, tena kubwa na nyeupe pee, muulize vizuri.

Ushauri wangu ni uanze na fungu la kwanza peke yake. Ukipata mchicha, matembele na majani ya maboga ya uhakika kila wiki tayari umetoa nusu ya wasiwasi kwenye sufuria yako, hizo nyanya zitafuata.

2. Tafuta majina, usitafute matangazo

Matangazo ya mtandaoni yaweke mwisho. Anza na mama mboga wako wa kila siku, umuulize kwa adabu mboga gani amenunua kwenye lori na gani ameletewa na mtu wa hapa hapa. Wengi wanajua, na wengi watakwambia, "hii mchicha ni ya mama mmoja wa Ganda, hizi nyanya ni za Kongowea." Hapo umeshapata uzi wa kufuata.

Pahali pengine pa kuuliza ni ofisi ya kilimo, afisa ugani wa wadi anawajua wakulima wake na anajua nani yuko kwenye kikundi cha kilimo hai. Vikundi vya kina mama vya kuwekeza, wengi wana shamba la pamoja. Msikitini na kanisani pia, uliza tu nani analima. Pande za kuangalia ni Ganda, Kakuyuni, Goshi, Jilore, na kando ya mto Sabaki ambako maji yako karibu. Kuna pia wakulima waliozoea kuuzia mikahawa ya Kiitaliano basilika na zukini, hao wengine wameshazoea mteja msumbufu anayeuliza maswali, kwa hiyo hawatashangaa na yako.

Ndugu zangu wa Lamu, kisiwani mboga nyingi zinavuka kutoka Mokowe kwa boti, na mashamba yako bara, Hindi na Mpeketoni. Kwenu uliza pale gati, mabaharia na wapakuzi wanajua gunia lipi la nani. Na mahesabu ya usafiri ni boti kisha punda au mkokoteni, kwa hivyo nyinyi kuungana majirani ndio lazima zaidi.

Lengo ni majina matatu, ukibaki na jina moja tu utajikuta unavumilia mambo kwa sababu huna pengine pa kwenda.

3. Piga simu, uliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana

Kosa la kila mtu ni kuuliza "wapiga dawa?" Nani atakujibu napiga? Umemwonyesha jibu unalolitaka, naye akupe. Uliza hivi:

"Shikamoo mama, mimi niko hapa Muyeye, nimeelekezwa kwako na fulani, nimesikia walima mboga. Samahani mama, vidukari vikiingia kwenye sukuma huwa wafanyaje?"

Halafu unyamaze usikilize. Anayelima bila dawa atakueleza mpaka uchoke, atakwambia anang'oa majani yaliyoshambuliwa, anatwanga majani ya mwarobaini na kuyaloweka usiku kucha, anamwagia jivu, anachanganya pilipili na sabuni ya kipande, mwaka jana alishindwa akang'oa tuta zima. Asiyefanya hivyo atakwambia "sisi ni asili tu mama, usijali."

Maswali mengine yanayofaa:

- Msimu uliopita ulipoteza mboga gani?
- Mbegu unanunua au unatoa mwenyewe? (Mbegu za dukani zenye rangi ya pinki au kijani zimepakwa dawa. Si lazima umkatae kwa hilo, ila ni vizuri kujua.)
- Kabla yako shamba hili lilikuwa linalimwa nini?
- Jirani aliyepakana na wewe analima nini, na anapiga dawa?
- Ukiishiwa na mboga na wateja wanataka, huwa unafanyaje?

Hilo la mwisho ndilo zuri kuliko yote. Jibu sahihi ni "nawaambia hakuna" au "nanunua kwa mwenzangu wa kikundi na nawaambia ni ya kwake."

Angalia pia hili la tumbaku. Wapo wanaoloweka tumbaku na kunyunyizia, wakihesabu ni ya asili. Nikotini ni sumu kali, iwe imetoka kwenye jani au kiwandani, na kwa mboga ya kuliwa majani mimi siikubali. Mwarobaini na pareto nazo ni dawa, ila hazikai sana kwenye mmea juani. Muuzaji mkweli atakwambia "napiga mwarobaini" bila kuficha.

4. Nenda shambani

Nenda asubuhi, piga hodi, usiende mikono mitupu, hata kilo ya sukari inatosha. Huendi kukagua kama polisi, unaenda kumtembelea mtu anayekulisha. Ukiwa na heshima utaonyeshwa kila kitu, ukienda na kiburi utaonyeshwa tuta la mbele tu.

Ukifika, chuchumaa. Hapo ndipo watu wengi wanakosea, wanatembea wamesimama wanapiga picha wanaondoka. Chuchumaa kwenye sukuma, geuza jani la chini uangalie upande wa nyuma. Kwenye shamba lisilopigwa dawa utakuta maisha pale: vidukari kidogo vimejikusanya karibu na mshipa wa kati wa jani, na mara nyingi pembeni yao kijidudu chekundu chenye madoa meusi kinawala, au buibui mdogo ameshona utando kona ya jani. Utaona matundu kadhaa yaliyoliwa na viwavi. Ukigeuza majani kumi hakuna mdudu hata mmoja, si rafiki si adui, hakuna utando, hakuna tundu, hiyo si bahati. Uliza tena.

Nusa. Baadhi ya dawa zina harufu kali inayokaa kwenye majani, hasa asubuhi kabla jua halijawa kali. Halafu angalia kama kuna vumbi au madoa meupe-manjano yaliyokauka kama matone kwenye majani ya nyanya na kwenye tunda karibu na kikonyo. Hizo mara nyingi ni dawa za ukungu, na ndizo hizo hizo unaziona kwenye nyanya za sokoni zikiwa kama zimepakwa unga.

Kisha omba kuona sehemu tatu ambazo hakuna anayekupeleka mwenyewe:

Shimo la taka. Chupa tupu na vipakiti vya dawa havidanganyi. Vikiwepo soma lebo. Lebo ya dawa ina mstari wa rangi chini, nyekundu ndiyo kali zaidi, halafu manjano, halafu buluu, kijani ndiyo hafifu. Vipakiti vya zamani vilivyopauka na kufunikwa mchanga vinaweza kuwa vya mtu aliyelima kabla, vipakiti vinavyong'aa ni vya juzi. Muulize tu kwa utaratibu.

Stoo. Ukikuta pampu ya mgongoni usirukie kumhukumu, anaweza kuwa anapigia mwarobaini. Fungua kifuniko unuse ndani, mwarobaini una harufu yake kila mtu wa pwani anaijua.

Mpaka wa shamba. Jirani akilima nyanya za biashara na kupiga dawa kila wiki, dawa inasafiri na upepo. Hapa kwetu kusi inavuma kutoka kusini kuanzia kama Aprili, kaskazi inakuja kuanzia kama Disemba, kwa hivyo angalia jirani wa kila upande, si wa mkono mmoja tu. Uzio wa mimea mirefu, mtama, mahindi, matete, unasaidia sana.

Na uliza maji ya kumwagilia yanatoka wapi. Hii si habari ya dawa ila ni ya tumbo lako. Sabaki ndio mwisho wa mto Athi, na mito ya Nairobi inamwaga uchafu wake humo, kwa hiyo mboga ya kunyweshwa maji ya Sabaki inaweza kuwa haina dawa kabisa na bado ikahitaji kuoshwa vizuri sana, na saladi ya kula mbichi mimi ningechukua kwa mwenye kisima. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, mchicha unavumilia lakini mishiri haipendi.

5. Mwenye cheti, soma cheti

Wengi wa wakulima wadogo hawana cheti na hilo lisikutishe, cheti kinagharimu. Ila muuzaji anayetangaza kwa herufi kubwa kwamba ni kilimo hai na anauza bei mara mbili, muombe akionyeshe. Afrika Mashariki tuna viwango vyetu vya kilimo hai tangu mwaka 2007 na nembo yake inaitwa Kilimohai. Kwa Kenya shirika la kuuliza ni KOAN, mtandao wa kilimo hai. Kuna cheti cha kampuni ya ukaguzi, na kuna mfumo mwingine wa bei nafuu ambapo wakulima wa kikundi wanakaguana wenyewe na wateja wanaruhusiwa kushiriki, na kwa mtazamo wangu huu wa pili ndio unaotufaa sisi kwa sababu unaweza kwenda ukaguzi ukaona kwa macho.

Kwenye cheti tazama jina la mkulima au kikundi, mazao yaliyoorodheshwa, na tarehe ya mwisho. Cheti cha maembe na korosho hakihusu sukuma. Na nembo ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye pakiti haina maana kwamba mboga haijapigwa dawa, ni mambo mawili tofauti.

6. Oda ya kwanza iwe ndogo

Mboga mbili tatu tu, na ulipe ukipokea. Usikubali kulipa mwezi mzima mbele hata kama kuna punguzo, hiyo itakuja baadaye mkishazoeana. Zikifika linganisha na ulichokiona shambani: majani yana ukubwa tofauti tofauti? yana tundu moja moja? ni aina ile ile ya mchicha uliyoiona, yenye jani jembamba au pana, shina jekundu au kijani? Hiyo ya aina ni nzuri sana, mtu anayejazia kwa mboga za soko huwa anasahau kwamba wewe uliiona ya kwake. Andika kwenye daftari tarehe, nini kimekuja, hali yake.

7. Panga usafiri

Hapa ndipo mipango mingi mizuri inakufa, mboga ni safi mkulima ni mkweli lakini zinafika saa saba mchana zimelala.

Zivunwe alfajiri, siku ile ile, kabla jua halijapanda. Zifungwe kwenye majani ya mgomba au kitambaa cha pamba chenye unyevu, ziingie kwenye kikapu zikiwa zimesimama, nyanya na boga kikapu kingine. Zisimwagiwe maji mengi zikafungwa, zitaoza. Ziwe zimefika kabla ya saa tatu asubuhi.

Chagueni siku moja ya wiki na pahali pamoja pa kushushia, duka la mtu au barazani kwa jirani anayeshinda nyumbani, kila mtu anakuja kuchukua chake. Bodaboda mmoja analipwa mara moja mnagawana. Mkiwa wengi kutoka Maweni, Barani na Ngala tuktuk ina nafasi zaidi na mboga hazipigwi na upepo. Dereva awe yule yule kila wiki, mpe namba za wote, na muambie waziwazi kwamba kikapu hakipiti sokoni.

Pesa tumeni kwa mkulima moja kwa moja, mtu mmoja akusanye atume siku ile ile. Mkulima akicheleweshewa pesa mara mbili atauzia mwingine, na ana haki.

8. Kubalianeni bei ya msimu, siyo ya wiki

Ukimbana kwa bei ya sokoni wakati wa mvua mboga zikiwa tele, umemsukuma arudi kwenye dawa, kwa sababu anapoteza mimea mingi zaidi na kazi ya mikono ni kubwa. Wekeni bei moja ya fungu ya miezi mitatu minne, wakati mwingine utalipa zaidi ya soko wakati mwingine chini. Na mkubaliane kikapu kiwe "kilichopo", yeye ndiye anachagua kulingana na shamba, wewe unasema tu usichokula.

9. Rudi shambani msimu ukibadilika

Januari mpaka Machi kukiwa kukavu vidukari na utitiri mwekundu vinazidi, masika ukungu unaingia kwenye nyanya. Nyakati hizo mbili ndizo mkulima anashawishika. Pita kumsalimia bila kumpa taarifa ya wiki nzima, angalia tena yale majani ya chini.

10. Osha hata hivyo

Maji yanayotiririka, jani moja moja, sugua kwa vidole. Chumvi na siki zinasaidia wadudu kuachia jani, lakini usizitegemee kutoa dawa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani walijaribu kwa matufaha, magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa kwenye maji, kama vijiko viwili vya chai kwa lita, yalitoa dawa nyingi ya juu ya ganda kuliko maji matupu baada ya kulowekwa robo saa hivi, ila dawa iliyokwisha kupenya ndani ya ganda haikutoka. Kwa hiyo kuosha kunasaidia lakini hakubadilishi mboga iliyopigwa dawa ikawa isiyopigwa. Sabuni ya unga usitumie kabisa, jani linainyonya.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kumuamini mtu kwa sababu mboga zake zina udongo. Udongo unapakwa. Kuamini kwa sababu zina matundu, hilo pia peke yake halitoshi, mtu anaweza kupiga dawa akiwa amechelewa wadudu wameshakula, ndiyo maana nasema uone wadudu wazima shambani.

Kuokota mtsunga na mchicha mwitu popote ukidhani cha porini ni salama. Kando ya barabara kuna moshi na mafuta, na kwenye mpaka wa shamba la nyanya au mahindi magugu nayo yamenyunyiziwa.

Kutaka mboga zisizo za huku. Ukikazania brokoli na karoti kila wiki, mkulima wa Ganda atakununulia sokoni akuletee, na wewe ndiye uliyemlazimisha.

Ukikwama

*Hataki nimtembelee.* Mpe nafasi mara mbili, labda ana msiba au ana kazi. Mara ya tatu muache. Anayeuza kama wakala na hajui shamba liko wapi, muache mara ya kwanza.

*Mboga zimekuja na wadudu, mume wangu ametupa.* Loweka kwenye maji ya chumvi dakika kumi wataelea, osha, pika. Wakiwa wamefunika jani zima mrudishie picha, mkulima anahitaji kujua, na akubadilishie wiki inayofuata.

*Sukuma imekosekana wiki tatu.* Kula matembele na majani ya maboga. Kama fungu lako la kwanza ulilipanga vizuri hutakosa kitu cha kupika. Ila kama kila kitu kinakosekana, mkulima mmoja hatoshi, ongeza wa pili kutoka ile orodha ya majina matatu.

*Zinafika zimenyauka.* Uliza zilivunwa saa ngapi kabla ya kumlaumu bodaboda. Mara nyingi zilivunwa jana jioni. Zikishafika kata vikonyo kidogo, zisimamishe kwenye beseni la maji baridi kivulini nusu saa, mchicha na sukuma zinaamka, matembele yanaamka kidogo, majani ya maboga hayaamki.

*Nahisi ananunua sokoni.* Fungua daftari. Kama hajawahi kukosa kitu tangu uanze, au aina ya mchicha imebadilika, au nyanya zote ni saizi moja, nenda shambani kesho yake uone kama lile tuta kweli limevunwa. Shina la sukuma iliyovunwa jana lina kovu bichi lenye majimaji, la wiki iliyopita limekauka limekuwa kahawia. Ukikuta hakuna kovu bichi, zungumza naye mkiwa wawili, bila kumtia aibu mbele ya watu, mwambie ungependa aseme hakuna. Wengi hujirekebisha. Asiporekebisha hamia kwa wa pili.

*Nataka kupima maabara nijue kabisa.* KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, wana maabara ya kupima mabaki ya dawa kwenye mazao, lakini gharama yake si ya nyumba moja, na sampuli moja inakwambia habari ya siku ile tu. Kama mko grupu la familia ishirini na mnanunua kwa kikundi kimoja cha wakulima, changeni mpime mara moja kwa msimu, mchukue sampuli nyinyi wenyewe shambani, na kikundi kiambiwe mapema kwamba majibu mtawaonyesha.

*Nina mtoto wa miezi sita, nianze na nini kesho asubuhi kabla sijapata mkulima?* Boga lenyewe, lile la ganda gumu. Ganda linatolewa lote, na lina ladha tamu watoto wanaipenda. Kwa majani, panda mchicha wako kwenye beseni kuukuu au gunia lenye udongo na samadi iliyooza, mwagia asubuhi na jioni, kwa joto letu baada ya wiki tatu nne unachuma.